Walikula Hela Yote

Hela ya mradi wa kusaidia kaya maskini ilipoingia kwenye simu za watu wa Murungu, kila nyumba ilishajua itaifanyia nini isipokuwa nyumba ya Makarius. Si kwamba walikosa la kufanya. Walikosa kukubaliana. Makarius alitaka mabati. Mkewe, Niyomwungere, alitaka chakula.

Ukiisikia hivyo harakaharaka utadhani mwanamke huyu ni mlafi, na majirani walidhani hivyohivyo. Aliyenunua mbuzi alipitisha mbuzi wake njiani watu wamwone. Aliyenunua cherehani aliiweka mlangoni, ingawa kuitia uzi kwenyewe kulimshinda. Niyomwungere yeye alikwenda Kibondo mjini, akaingia kwa Mwanaamina, wakala wa simu ambaye pia anauza nafaka, akaitoa hela palepale na kuiacha palepale. Akarudi kwenye gari la mizigo akiwa amekalia magunia ya mahindi na maharage, na dumu la mawese miguuni. Mwanaamina mwenyewe, ambaye hana desturi ya kumkatisha mteja tamaa, alimuuliza kwa upole kama kuna msiba nyumbani, maana chakula chote kile ni cha kulishia waombolezaji.

Niyomwungere alizaliwa hapahapa, mtoto wa wazazi waliotoka Burundi na nguo walizovaa. Uraia waliupata, na kishamba pia walikipata, kidogo, kimeegemea kilima. Udongo wake hauna kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba kila mwaka walikipanda kwa kuchelewa.

Mvua ya kwanza huku inapoanza kunyesha, kila mwenye shamba kubwa anatafuta mikono, na wakati huohuo ndipo maskini amemaliza akiba yake. Kwa hiyo kila mwaka, mvua ikigusa tu udongo, Niyomwungere na Makarius walivuka bonde kwenda kulima kwa Mzee Tharsisi, na jioni wakapewa mahindi ya kula siku hiyo. Kazi ya namna hiyo wenyewe wanaiita inshuro. Walipomaliza kupanda kwa Tharsisi ndipo walipopanda kwao, mvua imeshawatangulia na magugu yameshajipatia makao. Mahindi yao yakadumaa, mavuno yakawa ya kubeba kichwani kwa safari chache, na kabla mwaka haujageuka njaa ikawarudisha kwa Tharsisi. Wapo waliowaita wavivu. Mimi nasema waliosema hivyo hawajawahi kulima nusu ya alicholima mwanamke yule, ila alichokilima kilikuwa cha mwingine.

Makarius aliyajua yote hayo, lakini yeye pia alikuwa na lake. Katika njia ile nzima nyumba iliyobaki na paa la nyasi ilikuwa yake, na alichoka kuelekeza wageni kwa kusema ile ya nyasi. Walibishana mpaka binti yao, Ange, akatoka nje kwa aibu. Mwisho Niyomwungere aliacha kubishana, akasema taratibu.

"Baba Ange, nataka mvua ya kwanza inikute kwangu. Mara moja tu. Nikishindwa, sitakuomba tena."

Makarius alikubali, lakini alinuna siku kadhaa, na mazungumzo yake mengi akayafanya na mbuzi wa jirani.

Mvua ilikuja alfajiri moja, ile ya kweli, si ya kudanganya vumbi. Paa likavuja pale linapovuja kila mwaka. Makarius alisogeza kitanda bila kusema neno, na Niyomwungere angefurahi zaidi kama angelisema. Kulipopambazuka alichukua jembe na kutoka.

Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo anachekwa nalo, na mwenyewe hucheka. Alishuka bondeni, akavuka mto, akapanda ng'ambo, akawasalimia vibarua wenzake, akavua kandambili, akaanza kuchimba mashimo ya mahindi katika shamba la Mzee Tharsisi. Hakuna aliyemwita. Ni miguu tu iliyozoea. Alishapiga mstari mzima na kuuanza wa pili, akiwa anawaza kwamba jioni akilipwa mahindi atapika nini, ndipo akakumbuka kwamba mahindi yapo. Yapo nyumbani, magunia, yamepangwa juu ya magogo yasipate unyevu.

Akasimama na jembe mkononi. Vibarua walidhani amekanyaga nyoka.

Tharsisi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Huyu ndiye aliyewapa unga mwaka Ange alipougua, na hakuudai. Niyomwungere alimfuata pale aliposimama akigawa mbegu, akamweleza kwa kukwamakwama kwamba mwaka huu anaomba aanze kwake, kwamba amekuja kwa mazoea tu, na mstari aliokwisha kuuchimba asiuhesabu.

Mzee hakukasirika. Alisema jambo ambalo Niyomwungere alikuwa akijiambia mwenyewe kila siku tangu atoke dukani kwa Mwanaamina.

"Hela ya watu inaisha, mwanangu. Kazi yangu ipo kila mwaka. Ukiondoka leo, nafasi yako nitampa mwingine, na huyo sitamfukuza ukirudi."

"Naelewa, Mzee," Niyomwungere akasema. Akavaa kandambili zake na kuondoka.

Njia ya kurudi aliipita akipiga hesabu. Alikuwa ameacha kitu cha uhakika kwa kitu ambacho hajawahi kukiona hata siku moja. Shamba likimkatalia, atakuwa amekula hela yote ya mradi, nyumba inavuja, na mlango wa Tharsisi umefungwa. Alifika nyumbani akamkuta Makarius tayari yuko shambani, amevua shati, anachimba. Kununa hakujaisha, lakini mashimo yalikuwa yamenyooka. Niyomwungere hakumwambia alikotoka. Alishika mstari uliofuata, na Ange akawa anawafuata nyuma kwa mbegu. Adhuhuri walikula ugali na maharage palepale shambani, wakashiba, wakarudi kwenye majembe. Kulima ukiwa umeshiba mchana walikuwa wamekusahau kulivyo. Makarius ndiye aliyelisema hilo, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza lenye uhai tangu siku ya magunia.

Mahindi yalipochomoza vizuri, mvua ikakata. Anga likawa kavu kabisa, majani yakaanza kujikunja mchana. Niyomwungere alikosa usingizi na hamu ya kula chakula kilekile kilichomgharimu jina. Jirani wa cherehani alipita akauliza kwa huruma ya uongo kama magunia bado yapo. Aliyepanda mapema ndiye anayeonwa na jua kwanza, na waliochelewa kupanda msimu ule walianza kuonekana wajanja. Makarius angeweza kumkumbusha mabati. Aliyanyamazia, na kwa hilo namvulia kofia.

Mvua ilirudi mahindi yakiwa yamechoka ila hayajafa. Ilirudi kwa nguvu, ikanyesha na kunyesha, na mahindi ya kilimani yakaichukua yote kwa sababu mizizi yake ilikuwa imekwisha kushuka chini kuitafuta. Palizi ya kwanza waliifanya kwa wakati, ya pili pia. Magunia yalipungua, lakini yalipungua wakati kazi nayo inapungua. Hata Tharsisi, palizi ilipomzidi nguvu, alimtuma mtu kuuliza kama wana siku mbili tatu za kumsaidia. Walikwenda wakiwa wamemaliza kwao, na kwa mara ya kwanza Niyomwungere alimtajia mzee anachotaka kulipwa. Mzee aliguna, akakubali.

Januari ilipofika, mwezi ambao kwao sufuria huwa haina kazi, maharage mabichi waliyoyachanganya na mahindi yalikuwa yanachumwa. Ange alikuwa anakwenda shule amekula. Jambo hilo Niyomwungere hakulitangaza kwa mtu. Alilitazama tu kila asubuhi kimyakimya, mtoto anapopotea kwenye kona ya njia.

Siku moja alipanda kilimani kumwita Makarius kwa chakula. Akafika ukingoni mwa shamba, hakumwona. Miaka yote ukisimama pale unamwona mtu kuanzia magotini kwenda juu, maana mahindi yao hayakuwahi kumficha mtu. Akaita.

"Baba Ange, uko wapi?"

"Niko humu," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Humu wapi? Sikuoni."

"Mimi pia sikuoni."

Niyomwungere akatazama juu. Majani yalikuwa yamempita yeye kichwa, na yamempita Makarius, ambaye ni mrefu. Machozi yakamtoka bila kuombwa, akayaacha yatoke. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni baada ya mlima. Makarius alisema anakuja, asubiri. Niyomwungere akamwambia asitoke, abaki hukohuko alipo, atamtafuta mwenyewe.

Akaingia. Ilimchukua muda kumpata.