Kitundu cha Kuchungulia

Hii ni mara ya tatu wiki hii kwa mpiga picha za harusi kuja dukani, na dada muuzaji anamtolea kamera zilezile mbili bila kuulizwa: ile ndogo ya wanaoanza, na ile ya daraja la kati, nzito kama tofali. "Mchumba wako kaja," mwenzake anamtania. Mpiga picha hagusi vitufe wala haulizi bei. Anafuta kitundu cha kuchungulia cha ile ndogo kwa upindo wa shati, anaweka jicho, anafuta tena. "Hii ndogo ina giza," ananong'ona. "Kweli kaka. Chungulia hiyo kubwa, kitundu chake kipana, kinaonyesha vizuri." Anaishika kwa mikono miwili, anaielekeza kwenye kalenda ukutani, hatua nne tu, akikaza jicho la kulia mpaka shavu linamtetemeka. Kisha anahamia la kushoto, taratibu, kama anayebisha hodi mlango wa pili. Anaishusha.

"Dada, taa mmezima?"

Dada anatazama juu. Taa zote sita zinawaka.

"Umeme wetu mdogo leo, kaka."

"Si nilijua!" Anacheka kupita kiasi, huku bado ameikumbatia ile kubwa. "Keshokutwa nina harusi. Nitarudi kesho, zikiwaka."