Mchi Wangu wa Sombe

Harufu ya sombe mbichi, majani ya muhogo, ikitoka kinuni hunirudisha kwenye uwanja wetu wa mawe meusi ya volkano. Nilikuwa mtoto wa kuuma wenzangu na kuvunja sahani. Jirani alimwambia mama, "Huyu iko na shetani. Umupeleke kwa maombi."

"Iko na hasira," mama akajibu. Akanishika mkono, tukaenda kwa madamu aliyefundisha watoto wadogo.

Madamu hakuuliza nina nini. Aliuliza hasira ikinipanda mikono yangu hufanya nini.

"Inatafuta kitu ya kupiga," mama akasema.

"Basi umupatie."

Mama akanipa mchi mfupi. Kila hasira iliponipanda, tulitwanga sombe pamoja, kinu kimoja, michi miwili. Ilibidi nimsubiri ashushe wake ndipo nishushe wangu, la sivyo michi ingegongana. Nilianza nikilia, nikamaliza nikicheka, uso wote kijani.

Jumapili moja jirani yule yule alikula kwetu, akaomba aongezewe.

"Sombe laini hivi, nani ametwanga?"

Mama akataja jina langu, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.