Nyasi Tulizozichoma

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, mimi na baba yako tulipoteremka kutoka milima ya Upare kwenda kuanza maisha mbugani, kaka yako wa kwanza nikiwa nimembeba mgongoni. Shamba la babu yako lilikuwa limegawanywa kwa wana saba. Fungu letu halikutosha hata kufuga mbuzi. Kule chini ardhi tele, nyasi zinafika mabegani. Nani angebaki?

Nimechoka leo. Magoti yananiuma, na ndege zinazotua hapa Malton, kando ya Toronto, hazinyamazi, ila acha nimalize.

Tulizichoma nyasi zote ili tulime upesi, tukajiona mahodari. Jirani yetu wa pekee, Bi Nambua, alikuwa ametutangulia miaka mitatu, lakini hatukwenda hata kumwamkia. Kwetu milimani tuliezeka kwa majani ya migomba. Mbugani migomba hakuna. Mvua ikatukuta na kuta tupu. Tulifunga turubai, upepo ukalichukua.

Bi Nambua alikuja mwenyewe, akamkuta mtoto anakohoa.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa aibu.

"Marahaba. Mmechoma paa lenu, binti. Kwa nini hamkuniuliza?"

Akatuchukua kwake. Akatufundisha kukata nyasi ng'ambo ya korongo, na kukausha mavi ya ng'ombe yawe kuni. Sisi tukapona. Kaka yako kichomi kilimchukua kabla ya mavuno. Siku zote nimekwambia ilikuwa homa tu. Haikuwa homa tu.

Sasa nawe unahamia Saskatchewan, kwenye mbuga za baridi za huku Kanada, na mjukuu wangu wa miezi mitano, maana nyumba za Toronto hazishikiki kwa bei. Sikulaumu. Lakini jana nilipokuuliza unamjua nani huko, ukanijibu, "Mama, usiwe na stress, nime-google kila kitu." Hata wazungu wa kwanza kule, nasikia, walijenga kwa mabonge ya udongo yenye mizizi ya nyasi, kwa kukosa miti. Unadhani walizaliwa wanajua? Kuuliza si ujinga, mwanangu.

Ukifika, kabla hujafungua masanduku, piga hodi kwa jirani. Muulize baridi wanaikabilije, na mtoto wanamvisha nini. Sema hujui. Mimi neno hilo lilinishinda, nikamzika mwanangu.

Nenda salama. Mungu akupe jirani mwenye ulimi mkali, akupe na masikio ya kumsikia.