Nimeanza na Wewe, Mama

Nina miaka arobaini na kitu, elimu yangu iliishia kidato cha nne, na makazi yangu huhamahama na dhahabu. Nikisikia imetoka mahali, nafunga robota langu la mitumba nawafuata wachimbaji, maana mtu anayeshinda shimoni huchana suruali haraka kuliko mwalimu.

Nikiwa Kharumwa, mvua ilinikimbizia kwenye duka la kutoa kopi. Mwenye duka, mama mmoja mwenye ulimi, alichoka kunisikiliza nikisimulia habari za kwetu Kishapu.

"Baba, mimi nina kazi," alisema. "Hayo yaandike kwenye blogu."

"Blogu ndiyo nini?"

"Ni mahali pa kuwapigia kelele watu ambao hawawezi kukufukuza dukani."

Akanifungulia moja kwenye simu yangu. Nikaandika habari za mama yangu mzazi na michembe yake, vile vipande vya viazi vitamu anavyoanika juu ya jiwe nyuma ya nyumba, na vita vyake na mbuzi wa jirani. Watu wakasoma. Mmoja akaniandikia kutoka Mwanza kwamba amecheka mpaka amepaliwa. Nikajiona nimeshakuwa mtu, nikampigia mama.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, siku hizi nina blogu."

"Una nini?"

"Blogu!"

Ulimi wa Kisukuma haupendi konsonanti mbili zibanane, hupenyeza irabu katikati. Kinywani mwangu neno lilitoka "bulogu", na kwenye sikio la mama likafika "bulogi". Bulogi, kwetu, ni uchawi. Mimi sikushtuka, nilidhani mtandao unasumbua.

"Nani kakufundisha?" aliuliza polepole.

"Mama mmoja hapa Kharumwa. Anaijua sana."

"Na unafika wapi?"

"Mpaka Mwanza! Papo hapo, wala sitoki kitandani."

"Yesu wangu. Umeanza na nani?"

"Nimeanza na wewe, Mama."

Simu ikakatika.

Baadaye dada yangu, anayekaa na mama, akanipigia. "Wewe, umemfanya nini mama? Amechoma nywele zake zote zilizobaki kwenye kitana. Anasema umejifunza bulogi, usikanyage hapa."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mtu wa kutangatanga kama mimi anatangatanga vizuri kwa sababu upo mlango mmoja usiofungwa. Ukifungwa huo, mimi si msafiri tena, ni mtu aliyepotea na robota la suruali. Nikapanda basi.

Nilimkuta mama amesimama mlangoni, mikono miwili kwenye miimo. Shikamoo yangu haikuitikiwa.

"Ongea ukiwa hapo hapo," alisema.

Nikasimama juani kama muuza dawa za panya, nikatoa simu, nikamsomea yote. Michembe. Jiwe. Mbuzi alivyokuja kwa kunyata, na mama alivyomfuata na mwiko huku akimtukana mbuzi, mwenye mbuzi na ukoo wa mwenye mbuzi. Dada akawa anajiziba mdomo kwa khanga. Mama hakucheka.

"Hiyo ndiyo bulogi yako?"

"Ndiyo hiyo, Mama. Ni kuandika tu."

"Sikumpiga kwa mwiko. Nilimpiga kwa mchi."

"Nitarekebisha."

"Na huo ukoo, umewaambia watu wa Mwanza nilivyosema?"

"Neno kwa neno."

Akafikiri, akimwangalia yule mbuzi aliyekuwa ng'ambo ya uzio, hai na mnene.

"Basi huu si uchawi," alisema mwishowe. "Huu ni umbea. Mchawi ana afadhali, hufanya mambo yake kimyakimya." Akashusha mkono mmoja kutoka kwenye mwimo wa mlango, kisha wa pili. "Marahaba. Ingia ule. Na hiyo simu uiache nje."