Kilima Kisichoonyeshwa kwa Kidole

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilishuka kwenye kamyo, lori la mizigo, pale mtaani Kadutu, ramani kwapani, nikicheka peke yangu. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa kijana, mchora ramani katika biro, yaani ofisi, ya mashamba hapa Bukavu, suruali imepigwa pasi, kiburi tele! Serikali ilikuwa imekubali kulinda mahali pa kale kwa sheria: penye duara jekundu kwenye ramani, hakuna ruhusa ya kukata mti. Na kilima cha kaburi la mwami, mfalme wetu wa zamani wa Bushi, kilimezewa mate na mzungu mmoja mwenye shamba la kinkina, miti ya dawa ya malaria. Ramani ingetiwa sahihi kesho kutwa, nami nilikuwa nimeshaichora!

Shangazi yangu, niliyefikia kwake, aliitazama kidogo tu.

"Nani alikuonyesha hapa?"

"Muzee mulinzi wa kule. Niliuliza kaburi iko wapi, akanyoosha kidole."

Shangazi alicheka mpaka machozi. "Weye, mutoto wa Bushi! Kaburi ya mwami banaionyeshaka na kidole? Alikufukuza na heshima! Kwetu banaulizaka: ng'ombe hazilishwi wapi? Pale ndiko mwami analala."

Nilitamani ardhi inimeze. Hilo nililijua tangu nilipokuwa nikichunga ng'ombe wa baba! Ila nilipovaa viatu vya biro niliuliza kama mgeni, nikajibiwa kama mgeni. Sasa sheria ingelinda majani matupu ya kilima kingine, na shoka lingeingia kwa mwami.

Alfajiri nikarudi mbio kule kule. Nilivua viatu, nikamwendea yule mlinzi, nikamuuliza ng'ombe hawalishwi wapi. Loo, uso wake ulivyofunguka!

"Eeh! Kumbe uko mutoto wa hapa!"

Akanipeleka kilima cha pili, penye miti mikubwa, akaonyesha kwa kidevu. Nilipima haraka haraka kwa furaha. Nikaweka ramani juu ya goti, nikachora duara jipya, nikakimbilia kamyo. Kesho yake niliingia biro na matope mpaka magotini, mkubwa wangu akashangaa, akatia sahihi. Nilipiga kelele, mwanangu, ofisi nzima ikageuka!

Basi sikia. Ukitumwa kupima vya watu, uliza kwanza, na uliza kama mama yako angeuliza. Kalamu inayolinda ndiyo hiyo hiyo inayopoteza. Ile miti ingali imesimama; nenda ukaione, ila kidole kibaki mfukoni. Mungu akulindie macho yako na ulimi wa kwenu, na wajukuu wako wakute bado kuna kitu cha kuzungushia duara.