Sweta ya Mpagazi

Mpagazi aliyetubebea mizigo hadi kileleni mwa volkano ya Nyiragongo alikuwa akisimama kila kona, anageuka nyuma, anasema kwa sauti ya chini, "Polepole, mutoto amechoka." Nyuma yake hakukuwa na mtu; mimi na mke wangu tulikuwa mbele yake. Binti yetu Bénita alikuwa mbele zaidi, akirukaruka juu ya mawe meusi. Jioni, baridi ilipombana Bénita, mpagazi akachomoa kwa mikono yake yenye sugu sweta ndogo ya njano kutoka ndani ya koti lake, akamvalisha, akamfunga vifungo vyote taratibu. "Sasa angalia moto wa mulima," akamwambia. "Mutoto wangu nilimuahidi tu, hakufika." Asubuhi mke wangu akataka kwenda na sweta nyumbani kwetu, mtaa wa Himbi, aifue kwanza kabla ya kuirudisha. Mpagazi akaipokea kwa mikono miwili. "Apana, mama. Tangu alikufa, hatujaifula."