Koti la Wifi Pindo

Wifi yangu tulimwita Pindo, jina alilobandikwa mtaani kwa sababu hakuvaa nguo isiyo na pindo la kitambaa cha mama yake. Awe na suruali ya ofisini aliyoichambua kwenye mitumba au shati la kiume lililomzidi mabega, mahali fulani, chini ya mguu au ukingoni mwa mfuko, ungekuta ule mstari mwekundu na mweusi. Nilimtania kwamba iko siku atajishonea pindo kwenye kope. Lakini nisiwe mnafiki. Nikitembea naye mjini, mimi na gauni langu la dukani, watu walimtazama yeye tu, nami nilibaki kama aliyemshikia mkoba.

Mama mkwe wangu alikuwa mfumaji, kama mama yake na bibi yake. Mtambo wake wa mbao ulijaza chumba cha nyuma, na sauti yake ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi, hadi macho yake yalipopofuka na mtambo ukanyamaza. Vipande vilivyobaki alimpa binti yake. Pindo alisema mtu hawezi kuingia kwenye lifti amejitanda shuka zima, kwa hiyo yeye angeuvaa ukoo wake kidogo kidogo. Mama alicheka akasema mjini hata ukoo unapimwa kwa futi.

Kitambaa kimoja tu hakikuguswa. Wanawake wa ukoo ule, kila mmoja kitambaa chake cha mwisho mtamboni hukiweka kizima, na siku ya kuzikwa ndicho kinachomfunika. Cha mama kilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Alitueleza mara nyingi kwamba kikishapitiwa na mkasi kimekuwa nguo, na nguo ni ya mtu anayetembea. Sisi tuliitikia, ndiyo mama, huku tukiendelea kuchagua mchele.

Pindo alikuwa mkataji katika duka la mapazia. Alisimama kutwa nzima mbele ya meza ndefu, mkasi mkononi, miguu imevimba, bosi akimfokea kwa kila ukingo uliokwenda mshazari. Siku moja aliingia mama mmoja mwenye duka la nguo kwenye barabara kuu, lile lenye dirisha kubwa la kioo. Alikuja kununua mapazia, akaishia kushika pindo la kizibao cha wifi. Akamwambia amletee koti zima la kitambaa kile. Akilipenda, atampa meza yake mwenyewe ya kushonea na jina lake litaandikwa dirishani.

Wifi alirudi nyumbani akiwa hajiwezi kwa furaha. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu utotoni, alipokuwa akivivika nguo vibunzi vya mahindi. Ila vipande vya mama vilikuwa vimebaki vya kujaza kiganja tu. Alipoanza kulitazama lile sanduku la bati, nilimwambia asithubutu.

"Sikikati, wifi," alinijibu. "Nakikunja."

Akanieleza hesabu yake. Kitambaa kingebaki kizima. Angekikunja kikafanya mabega na mikono, akakishikiza kwa uzi mwepesi. Yule mwenye duka akishaliona koti, angekifumua na kukirudisha sandukuni. Na mama mwenyewe alikuwa mzima, anakula vizuri, anatusema kuanzia asubuhi. Mimi nilishikilia langu, naye akanuna, tukapitana ukumbini kama wapangaji wasiosalimiana.

Alikitoa sandukuni bila kuniambia, akakishona kwa siri chumba cha nyuma cha duka la mapazia, wenzake walipokwenda kula. Mabega yalikubali, mikono ikakubali. Shingo ikakataa. Kila alipoikunja, kitambaa kilirundikana kidevuni na kumkaba. Basi akashika mkasi. Mtu asiyejua kufuma asingefanya kosa lile, kwa maana angejua kwamba kukata ni kukata. Pindo alikulia chini ya mtambo. Alijiambia kwamba tundu moja la shingo angeweza kuliziba kwa sindano, uzi juu ya uzi, hata aliyekifuma asijue.

Siku ya kulipeleka alinibembeleza nimsindikize, na hasira zangu zikaniishia. Ee, alipendeza yule mtoto wa watu. Mstari mwekundu ulipanda mgongoni ukagawanyika mabegani, chini kavaa suruali nyeusi ya mitumba aliyoinyoosha kwa pasi mpaka ungejikata nayo, na mwendo wake ulikuwa ule wa mama alipokuwa anaona. Watu walimpisha njia. Yule mwenye duka alimzunguka, halafu akamvua koti kwa mikono yake na kulitundika dirishani hapo hapo. Alitaka likae hapo hadi wateja wake wakubwa walione. Wifi alikubali. Nilimfinya, akaniondoa mkono.

Halikukaa sana. Mama alianguka bafuni, na daktari alimwita mume wangu pembeni akamwambia turudi naye nyumbani, tumtunze tu. Pindo alikimbilia barabara kuu. Mwenye duka alikasirika, akamwambia akilitoa koti asirudi tena na meza aisahau. Alilitoa.

Alilifumua ameketi sakafuni chumbani kwangu, machozi yakimdondokea mapajani. Kisha akachomoa nyuzi kutoka ncha za kitambaa na kuanza kuziba shingo. Sijaona kazi kama ile. Nilikisogeza dirishani na kukitazama juani, nisipate mahali penye kasoro. Tulikirudisha sandukuni, na mimi, niliyemkataza, nikamwomba Mungu kimya kimya kwamba mama asikitake.

Alikitaka kesho yake. Alisema anataka kukishika maadamu vidole bado ni vyake. Mume wangu alimwekea kifuani, bila kujua lolote. Mama alikipapasa pindo kwanza, akatabasamu, akaenda taratibu kuelekea katikati. Vidole vikasimama. Vikarudi nyuma, vikapita tena.

"Hapa palikuwa na shingo ya mtu," alisema.

Mume wangu alinitazama, nikainamisha kichwa.

"Nani alikivaa?"

"Mimi, mama," alisema Pindo.

"Kilikukaa?"

"Kilinikaa, mama."

Mama alikikunja mwenyewe, kona kwa kona, akakisukuma upande ilikotoka sauti ya binti yake. "Basi ni nguo," alisema. "Chukua nguo yako. Mimi mtanitafutia shuka." Pindo alipiga magoti, akasema hapana, akasema nisamehe, akashika ile mikono na kuilaza mashavuni mwake. Mama aliiacha hapo. Hakuitoa, wala hakusema neno lingine siku ile, na usiku huo alikata roho.

Tulimzika na shuka jeupe la dukani, likiwa bado na alama za mikunjo ya pakiti. Mashangazi walinong'onezana. Mume wangu hakuongea na dada yake pale makaburini, na mpaka leo wanasalimiana kwa kichwa tu. Sikuwa na nguvu ya kuwapatanisha, maana mimi mwenyewe sikujua niwe upande gani.

Siku hizi wifi amerudi kwenye meza ya mapazia. Anavaa sare ya duka, kijivu, bila pindo lolote, na wapita njia hawageuki tena. Jumapili moja, tunakunja nguo zilizokauka, aliniuliza kama mama alimsamehe au alimwadhibu. Nilimjibu haraka haraka, kama mtu anayetaka kulimaliza jambo, kwamba mama alimpa kitambaa chake mwenyewe kwa mkono wake.

"Ndicho ninachokuuliza, wifi," alisema.